Anayeondoka Aukate Mparachichi Wake?



Ibada ya Jumapili ikiisha, watu wa makazi hawaendi nyumbani upesi. Wako wanaobaki kwa ajili ya kwaya, na wako wanaobaki kuulizana habari za Kongo. Na liko kundi la tatu, ambalo sisi tunalipenda kuliko inavyofaa kuandika katika karatasi ya kanisa, ndio wale wanaokaa kivulini na kuongea habari za bustani. "Mama, lengalenga yako imeota?" "Imeota, Papa, lakini kuku wa jirani wameimaliza." "Uizungushie miiba." "Miiba niliweka, watoto wakaichukua kuwashia moto." Hapo watu watacheka, kisha mwingine ataingiza habari za matembele, mwingine ataeleza jinsi ya kujaza gunia mawe katikati na udongo wenye samadi pembeni ili sukuma iote ubavuni, na saa inapita bila mtu kuihesabu.

Wako wazee wanaonung'unika kwamba maongezi hayo ni ya kidunia, na kwamba aliyetoka kusikia Neno angeongea habari za Neno. Hatukubaliani nao. Hapa Nakivale tumechanganyika watu wa Rutshuru, Masisi, Uvira na Fizi, pamoja na Warundi na Wanyarwanda, na wako kati yetu ambao kule nyumbani wasingekaa benchi moja. Tukianza na habari za vita, kila mmoja ana wafu wake wa kuwataja, na maongezi yanakatika. Tukianza na habari za viwavi katika mahindi, watu wanasogeleana. Viwavijeshi vile vilipoenea Uganda mwaka 2017, wengi wetu tulijifunza kutia majivu na mchanga katika moyo wa mhindi kutoka kwa mama wa Kirundi ambaye Kiswahili chake tulikuwa tukikicheka.

Tena katika maongezi hayo mtu hupimwa ukweli wake. Mnajua mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioonekana Uganda na Kivu ya Kaskazini tangu mwaka 2001. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake na ndani ni za kahawia, na ukikata shina linatoa usaha. Ugonjwa huo unasafiri kwa panga. Anayekata mgomba mgonjwa kwake, kisha akamsaidia jirani kupogoa bila kuupitisha upanga motoni, amempelekea jirani msiba kwa mkono wa upendo. Basi mwenye migomba yenye dalili, akikaa kivulini na kuulizwa habari ya shamba, anajibu nini? Akisema kweli, ataambiwa ang'oe, na watu wataogopa kuazimana naye vyombo. Akisema "nzuri tu", hakuna atakayejua mpaka msimu ujao. Tumewaona watu wakisema kweli hapo, nasi tunaihesabu kuwa ibada.

Lakini leo tunataka kuandika juu ya swali jingine, lililozuka katika maongezi hayo na halikuisha siku ile. Familia moja, ambayo hatutaitaja, ilipata tarehe ya kusafiri kwenda ng'ambo baada ya kungoja miaka mingi. Katika kiwanja chao kulikuwa na miparachichi mitatu, ambayo wengine tunaiita miavoka, na karatusi kadhaa pembeni. Baba wa nyumba akasema mbele ya wote kwamba kabla ya kuondoka ataikata yote, apate makaa ya kuuza na nauli ya kuwaaga ndugu walio katika makazi mengine. Mama mmoja akashtuka: "Papa, hata miavoka?" Naye akajibu, "Mama, mashimo nilichimba mimi. Maji nilibeba mimi, kwa jerikeni, miaka miwili ya jua. Nimwachie nani?"

Tusimhukumu upesi. Mwavoka wa kupandwa kwa mbegu unaweza kumaliza miaka mitano, saba au zaidi kabla ya kuzaa, na ule wa kubebesha kama mitatu au minne. Katika miaka hiyo kivuli chake kinakula nafasi ya maharage, na maharage ni chakula cha miezi mitatu tu. Wenye viwanja vya zamani walipata nafasi pana, lakini waliokuja karibuni wana nyumba na ukanda mdogo wa udongo. Kwa hiyo anayepanda mti wa matunda katika makazi anawanyima watoto wake sahani kadhaa za leo kwa ajili ya kikapu cha kesho ambacho hajui kama atakuwapo kukichukua. Baba yule hakusema uongo. Jasho lilikuwa lake.

Wengine walimjibu kwa sheria. Ardhi hii ni ya kutumia tu. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 zinatupa ruhusa ya kulima na kulisha mifugo katika makazi, lakini si kuuza wala kukodisha. Ukiondoka, kiwanja kinarudi kwa serikali na mwingine anapewa. Ni kweli, na kila familia ingefaa kulijua jambo hilo. Ila jibu hilo halikutosheleza, kwa maana baba yule hakuwa akiuza ardhi. Alikuwa akiuliza habari ya mti, na mti haukuwapo alipofika.

Wengine wakamwambia asikate kwa sababu huenda asisafiri. Jibu hili lilipata nguvu baadaye, Januari 2025, Marekani iliposimamisha kuwapokea wakimbizi, na watu waliokwisha kuuza hata sufuria wakabaki na barua mkononi. Tuliwalilia na tunawalilia. Lakini kama jibu la swali letu, ni hesabu ya tahadhari tu. Anayeacha kukata kwa kuogopa kubaki, akihakikishiwa ndege atakata.

Hapo mzee mmoja wa kanisa akafungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 20. Humo Israeli wanaagizwa kwamba wakiuzingira mji kwa vita siku nyingi, wasiiharibu kwa shoka miti ya matunda ya mji ule. Miti isiyo ya chakula wanaruhusiwa kuikata kwa kazi yao. Ona tofauti hiyo. Hata katika vita, hata kwa mti wa adui, mti unaolisha haumo katika ugomvi wa watu. Sisi tunaipokea tofauti hiyo kama ilivyo. Karatusi hupandwa ili ikatwe, na aliyeipanda akiikata na kuuza fito hajamkosea mtu. Mwavoka unaozaa ni habari nyingine.

Lakini kwa nini iwe nyingine? Baba yule aliuliza hivyo hivyo, na alikuwa na haki ya kuuliza. Andiko halisemi tu "usikate" kisha likanyamaza, linatutaka tufikiri. Sisi tunaona kwamba mti unaozaa umekwisha kuingia katika nyumba nyingi. Parachichi lililoanguka upande wa pili wa miyaa liliokotwa na mtoto wa jirani, na hakuna aliyemfukuza. Mama mjamzito wa nyumba ya tatu aliletewa mawili. Tangu mwaka 2023, posho ilipogawanywa kwa makundi, wengine wakapunguziwa na wengine wakaondolewa kabisa, tunda la jirani limekuwa mboga ya jioni katika nyumba nyingi. Jasho la kwanza lilikuwa la mmoja, hatukatai. Lakini aliwazoesha watu kula. Aliyewazoesha watu kula hana tena uhuru ule ule aliokuwa nao siku ya kuchimba shimo.

Kuna na jambo la pili, ambalo lilimnyamazisha kuliko andiko. Mama mmoja wa Masisi, asiyesema mara nyingi, aliuliza: "Na miembe yenu kule, nani anakula?" Kimya kikawa kirefu. Kila mmoja wetu aliacha mti. Wako walioacha migomba iliyobeba, walioacha kahawa, walioacha mchungwa aliopanda baba ya baba. Hatujui nani anakula. Pengine ni yule yule aliyetufukuza, na hapo moyo unawaka. Lakini tukiulizwa kama tungependa kurudi na kuukuta mti umekatwa ili adui asile, au kuukuta umesimama, wengi wetu tungetaka umesimama. Sasa anayekuja kukaa katika kiwanja cha anayeondoka si adui hata kidogo. Ni mtu aliyeacha mti wake jana.

Wapo waliowahi kutuachia hata sisi. Makazi haya yaliwapokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Wengi wao walirudi kwao baada ya mwaka 1994. Baadhi yetu tulipofika tulikuta miti mikubwa ambayo hakuna aliyeweza kutuambia nani aliipanda, tukala, wala hatukuuliza. Tunajua habari ya waliohamishwa Babeli, ambao Yeremia aliwaandikia wajenge nyumba na kupanda bustani. Lakini huwa tunasahau kwamba kulikuwa na Hanania, aliyetangaza hekaluni kwamba katika miaka miwili yote yatakuwa yamerudishwa. Yeremia akataja miaka 70. Ule haukuwa ubishi wa unabii tu. Ulikuwa pia ubishi wa mbegu. Mwenye miaka miwili anapanda mboga, lakini mwenye miaka 70 anapanda hata mti ambao matunda yake ya mwisho yataliwa na wengine. Hapa makazini tuna akina Hanania wengi, na mara nyingine tunawapenda kwa sababu habari yao ni tamu.

Mtu anaweza kusema tunamtwika anayeondoka mzigo mtakatifu huku sisi tunabaki kula. Ni neno zito. Kwa hiyo tunasema pia kwamba ni haki aliyepanda apewe kitu. Si na yule mgeni atakayekuja na mkeka na sufuria moja. Kumdai huyo ni aibu, na ni karibu sana na kuuza kiwanja. Apewe na majirani waliokula miaka yote. Kuku mmoja, kitenge kwa mama, mchango wa nauli kama wanao. Shukrani ya mdomo ni nzuri, lakini haipandi basi.

Basi baba yule alikata karatusi akauza, majirani wakachanga kidogo, na miavoka mitatu ikabaki. Tungependa habari iishie hapo, lakini haikuishia.

Baada ya Goma kuchukuliwa mwishoni mwa Januari 2025 watu walikuja wengi, na kiwanja kile kikapewa mama mjane mwenye watoto. Mwezi wa kwanza alifurahia matunda. Msimu wa kupanda ulipofika akaona kwamba kivuli cha miti mitatu kimefunika karibu udongo wote aliopewa, akasema ataukata mmoja ulio katikati. Wale wale waliosimama kuitetea miti wakamjia juu: mti huu umeachwa kwa ajili yetu sote, wewe umeukuta! Naye akawajibu kwa adabu, "Baba zangu, maharage yangu nipande juu ya paa?"

Hapa sisi tuko upande wa mama. Neema aliyoachiwa mtu isigeuzwe kuwa kamba ya kumfunga. Tulimwomba mwenye makaa asikate kwa sababu tunda linalisha, na kwa sababu hiyo hiyo hatuwezi kumwambia mjane alinde kivuli wakati watoto wake hawana maharage. Kama jirani anautaka mti ule wa katikati kwa ajili ya nyumba yake, basi alipe gharama ya kivuli chake, maana hadi sasa gharama hiyo inalipwa na sahani za watoto wa mama huyu. Kuutetea mti kwa udongo wa mtu mwingine ni rahisi mno.

Neno hili lilisemwa kivulini, baada ya ibada, kati ya habari za mbuzi na habari za mbegu za nyanya, na wengine hawakulifurahia. Wiki iliyofuata majirani wawili walimwazima mama yule mistari michache ya kupandia, mmoja nyuma ya nyumba yake na mwingine karibu na choo cha zamani, ambapo udongo ni mzuri. Amekubali kuungoja mti msimu mmoja, na matawi ya chini ameyapunguza ili jua lipite. Msimu ukiisha ataamua mwenyewe.