RAMADHANI 14: Sayyidna Umar njiani kwenda Sham



Ndugu zangu, natumai mmekula daku na Alfajiri mmeiwahi kwa jamaa. Mada ya leo ni maamuzi makubwa. Nilipanga kuizungumza baada ya tarawehe lakini naona niiandike, maana maswali yamekuwa mengi na yanafanana.

Kuna video zinazunguka kwenye simu za vijana: namna watu waliofanikiwa wanavyofanya maamuzi yao makubwa. Kijana mmoja kanitumia, anauliza kama inafaa kufuata. Nimeitazama yote. Yenye manufaa chukua, hakuna ubaya. Wanasema amka saa kumi na moja alfajiri. Alhamdulillah, mwezi huu hata wavivu wetu wanaamka saa kumi, hilo tumeshalimaliza. Ila kuna kitu kimoja hakikunikaa. Kila aliyetajwa mle ametajwa kwa sababu alipata mali. Yule aliyefikiri vizuri vilevile, akauliza, akapima, kisha meli yake ikazama, hakuitwa kwenye video. Kwa hiyo mizani yao ni matokeo. Sisi hatukufundishwa hivyo, na ushahidi wangu ni safari moja ya Umar bin Khattab (r.a.).

Umar alitoka Madina kwenda Sham akiwa Khalifa. Wanahistoria wengine wanaiweka safari hiyo mwaka wa 17 Hijria, wengine 18. Alipofika pahala panaitwa Sargh, njiani baina ya Hijazi na Sham, makamanda wa jeshi wakaja kumpokea, na mbele yao Abu Ubayda bin Jarrah (r.a.). Wakampa habari: tauni imeingia Sham. Ndiyo ile tauni inayojulikana kwa jina la Amwas.

Hebu jiweke mahali pake. Umetoka mbali kwa ngamia, una msafara wa masahaba, jeshi linakusubiri. Ukirudi utaambiwa umeogopa. Ukiendelea unaweza kuwaingiza watu wa Mtume (s.a.w.) kaburini. Na aya ya kusema moja kwa moja "rudi" au "nenda" hukuwa nayo mkononi.

Akafanyaje? Ibn Abbas (r.a.), aliyekuwepo, ndiye aliyesimulia, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Umar alimwambia amwitie Muhajirina wa mwanzo. Akawataka shauri. Wakagawanyika: hawa wanasema umetoka kwa jambo, usirudi nyuma, hawa wanasema una mabaki ya masahaba, usiwapeleke kwenye maradhi. Akawaambia waondoke. Akaita Ansari. Nao wakagawanyika vilevile. Wakaondoka. Akaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka. Hawa hawakutofautiana hata wawili: rudi na watu wako.

Mimi ni mwalimu wa darasani pia, na hapa huwa nasimama kidogo. Ukiuliza swali darasa zima kwa pamoja, mtoto wa kwanza akijibu kwa sauti, nusu ya waliobaki wanamfuata. Umar hakuwakusanya wote chini ya mti mmoja. Aliwasikiliza kundi kwa kundi, kila kundi likasema lake. Na angalia mpangilio wa heshima: alianza na waliotangulia katika Uislamu. Lakini shauri lililokata shaka lilitoka kwa wale wa mwisho kuitwa. Angekuwa mmoja wetu angesema, aah, hawa wamesilimu juzi, watanieleza nini? Wazee hawa walikuwa wameona mengi maishani na wakasema kwa kauli moja. Akawasikiliza.

Kisha akatangaza: asubuhi napanda mnyama wangu, narudi.

Abu Ubayda hakuridhika. Akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Na huyu si mtu wa pembeni, ni katika wale kumi waliobashiriwa pepo, na Mtume (s.a.w.) alimwita mwaminifu wa umma huu. Riwaya inasema Umar alikuwa hapendi kumpinga. Akatamani neno lile lingetoka kwa mwingine. Lakini akamjibu: ndiyo, tunatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Akampa mfano wa mchungaji anayeufahamu kila Mwarabu: una ngamia wako, umeteremka bondeni, upande mmoja una malisho na upande mwingine ni mkavu. Ukilisha penye majani, ni kwa kadari ya Allah. Ukilisha pakavu, ni kwa kadari ya Allah. Basi kwa nini uende pakavu kisha usingizie kadari?

Ndugu zangu, hapa kwetu tuna ugonjwa wa kuita uzembe tawakkul. Mtu hajauliza, hajahesabu, hajakaa na mkewe, anasema "nimemwachia Mungu". Huyo mchungaji kalala chini ya mti, ngamia wamekwenda wenyewe.

Baadaye ndipo alipotokea Abdurrahman bin Awf (r.a.), ambaye hakuwepo kwa shughuli zake. Akasema mimi nina elimu katika hili, nimemsikia Mtume (s.a.w.) akifundisha kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikitokea nanyi mmo ndani yake msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Allah, akaondoka.

Tazama utaratibu. Uamuzi ulishafanywa kabla ya hadithi kufika. Umar hakukaa Sargh akingoja ishara. Alitumia akili aliyopewa na watu aliokuwa nao, akaazimia, na uthibitisho ukamkuta tayari ameshaamua.

Sasa sehemu ambayo wengi tukisimulia kisa hiki tunaikata. Abu Ubayda alikwenda wapi? Yeye alikuwa amiri wa watu waliokuwa ndani ya Sham, na alirudi kwao. Wanahistoria wanapokea kwamba Umar alimwandikia barua baadaye akimwita Madina kwa haja. Abu Ubayda akaielewa barua ile inataka nini. Akajibu kwa adabu kwamba yuko na askari wa Waislamu na hawezi kujitenga nao. Tauni ikamchukua. Ikamchukua na Muadh bin Jabal (r.a.).

Haya niambieni, nani alifanikiwa? Kwa mizani ya ile video, Umar alifanikiwa kwa sababu alibaki hai, na Abu Ubayda alikosea. Lakini irudieni hadithi ya Abdurrahman bin Awf, ina pande mbili. Aliye nje asiingie: huyo ni Umar. Aliye ndani asikimbie: huyo ni Abu Ubayda. Tauni ni moja na hadithi ni moja, maamuzi mawili yanapingana, na kila mmoja yuko sawa pale aliposimama. Mmoja alirudi nyumbani, mwingine alikufa, na wote wawili wamo katika wale kumi.

Na hili Qur'ani imetufundisha kabla ya hapo. Uhud, mwaka wa 3 Hijria, rai ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa kubaki Madina. Vijana wengi, hasa waliokosa Badr, wakataka kutoka. Akawafuata. Alipokwisha vaa deraya wakajuta, wakasema tubaki, naye hakuivua tena. Waislamu kiasi cha 70 wakauawa, ami yake Hamza (r.a.) mmoja wao. Ungetegemea baada ya msiba ule iteremke amri ya kuacha kuwashauri. Ikateremka kinyume chake, katika Aal Imran aya ya 159: awasamehe, awaombee maghufira, na awashauri katika mambo; kisha akiazimia, amtegemee Allah. Shauri, kisha azma, kisha tawakkul. Msiuchanganye mpangilio huo. Na matokeo machungu hayakuifuta shura.

Sasa nije kwenye swali lenyewe lililonifanya niandike. Mmoja wenu, na amenipa ruhusa niliseme bila jina, alinifuata baada ya tarawehe. "Shikamoo maalim, nimeswali istikhara siku saba, sijaota kitu." Nikamuuliza jambo gani. Kuna wakala anampeleka Muscat kazi ya udereva. Anatakiwa alipe milioni kadhaa kabla ya Ijumaa, nafasi zinaisha. Hela hana. Kuna shamba la minazi aliloacha marehemu baba yake, mnunuzi amepatikana. Anataka ndoto imwambie auze au asiuze.

Nilimwambia, na nawaambia wote, maana najua hayuko peke yake.

Kwanza ndoto. Hadithi ya istikhara imepokewa na Jabir (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Mtu akikusudia jambo, aswali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha aombe: kama jambo hili, ulitaje, lina heri na dini yangu na maisha yangu na mwisho wangu, nisahilishie, na kama lina shari, liondoe kwangu na uniondoe kwake. Ndoto haimo. Wala rangi nyeupe na nyeusi, wala kulala ubavu wa kulia na kungoja. Imamu Nawawi, na sisi ni Mashafii, anasema baada ya istikhara mtu afanye lile ambalo kifua chake kimelifungukia. Wanavyuoni wakatanabahisha: si lile ulilokuwa umeshalipenda tangu mwanzo. Kwa hiyo unaomba, unaliendea jambo kwa njia zake, na unaangalia: linasahilika au linafungwa? Mlango ukifungwa usiuvunje.

Pili, na hili lilimnyamazisha: shamba ni la nani? Baba amefariki, mirathi haijagawanywa. Mama yupo, ana thumni yake. Dada zake watatu wapo, wana fungu lao. Yeye ana fungu lake na si zaidi. Istikhara haiswaliwi kwa jambo la haramu, na kuuza haki ya mama yako na dada zako bila ridhaa yao hakuhitaji ndoto. Huwezi kumuuliza Allah kama una heri katika kitu alichokwisha kukukataza. Akaniambia dada zake hawana neno. Nikamuuliza, umewauliza? Kimya.

Ndugu zangu, sehemu kubwa ya maamuzi yanayoharibika kwetu hayaharibiki kwa kukosa akili ya biashara. Yanaharibika kwa sababu mtu anaamua juu ya kitu kisichokuwa chake peke yake.

Tatu, umemshauri nani? Kanijibu: rafiki zangu. Rafiki zake ni vijana watano wanaokaa naye barazani, na wote wanataka kwenda Muscat. Hiyo si shura, huko ni kujisikiliza mwenyewe kwa sauti tano. Nikamwambia mtaani kwetu kuna waliokwenda Oman wakarudi, baadhi na nyumba, baadhi na begi tupu. Kaa na wale na hawa, mmoja mmoja, si kwa pamoja. Waulize mkataba uliandikwa nini na walipofika walikuta nini. Pasi zao za kusafiria zilikaa kwa nani? Mshahara ulikuwa ule walioahidiwa? Kisha kaa na mkeo. Mtume (s.a.w.) siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, masahaba waliposita kuchinja na kunyoa, shauri alilipata kwa mkewe Umm Salama (r.a.): toka, usiseme na mtu, chinja na unyoe wewe mwanzo. Akafanya, nao wakafuata. Akina baba mnaosoma hapa, mna Umm Salama ndani na mnakwenda kuuliza barazani.

Nne, hiyo Ijumaa. Umar alikuwa na tauni mbele yake, na bado alisikiliza makundi matatu kabla ya kutangaza safari ya asubuhi. Wakala anayekwambia huna muda wa kumuuliza mama yako, hiyo haraka ni ya nani? Kazi halali hukubali kuulizwa maswali.

Sikumwambia asiende. Safari ya riziki haina aibu, babu zetu wa pwani na watu wa Oman wamekwenda na kurudi kwa majahazi miaka na miaka. Anaweza kwenda akafanikiwa. Anaweza kubaki akafanikiwa. Anaweza pia kufanya kila kitu sawasawa na bado ikamwendea kombo, na hapo Abu Ubayda amemtangulia kwa ujira.

Jana usiku kanitumia ujumbe. Mama na dada zake wamekaa. Shamba haliuzwi mpaka mirathi igawanywe. Wakala hapokei simu tangu alipoombwa mkataba kwa maandishi. Hajajua bado atafanya nini, na anaendelea na istikhara, safari hii bila kungoja ndoto. Muombeeni futari ya leo, dua ya aliyefunga hairudi.

Allah atuonyeshe haki tuifuate, na aturidhishe kwa alichotukadiria. Amin.

Tangazo: Jumamosi baada ya Asr tunaanza darsa la mirathi, msikitini chini kwa wanaume, juu kwa akina mama. Njooni na kalamu. Mwenye shamba, nyumba au kiwanja cha marehemu ambacho hakijagawanywa aje na orodha ya warithi wote, wakiwemo walio mbali. Swali la faragha nitumieni mimi moja kwa moja, msiliweke hapa kwenye chaneli.

Wassalaam alaykum warahmatullah.