Sungura aliyeachwa nje ana haki juu yetu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu zangu Waislamu, wababa, wamama na vijana, nawausia na najiusia kumcha Mungu.

Dini yetu haikumsahau mnyama aliyepotea. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya ngamia aliyepotea, alikasirika. Aliagiza aachwe, kwa sababu ngamia anabeba maji yake na ana miguu ya kwenda mbali, mpaka mwenyewe amkute. Lakini alipoulizwa juu ya kondoo, aliruhusu achukuliwe, maana binadamu asipomchukua, mbwa mwitu atamchukua. Sasa jiulizeni: sungura wa kufugwa anafanana na nani kati ya hao wawili?

Wako wanaohama parseli, wakafungua kibanda na kusema: nimempa uhuru, ataenda kwa ndugu zake wa porini. Jina ndilo linalowadanganya. Yule wa porini tunayemjua kwa mbio anazaliwa na manyoya, macho wazi. Huyu wa kibanda ukoo wake ni wa sungura wa Ulaya, anazaliwa kipofu na uchi, ndani ya kiota. Amelishwa kwa mkono tangu mababu zake. Wengi wao ni weupe, hata mwewe aliye juu anamwona. Hapigi kelele ya kuomba chakula kama paka. Anakaa kimya chini ya mbao mpaka mbwa wamfikie. Na mnajua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Kumtupa nje asiyejua kujitafutia, mimi naona ni mlango wa pili wa nyumba ileile.

Aliyekimbia ana udhuru. Mwezi wa Mei 2021 Nyiragongo iliporipuka, na siku chache baadaye watu wakaamriwa kuhama sehemu kubwa ya Goma, mtu alibeba watoto na godoro. Hatumlaumu kwa sungura na dende waliobaki. Lakini jirani aliyebaki, au aliyerudi kwanza, akamwona mnyama huyo uani, jambo limemfikia yeye. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba kuna ujira katika kumhudumia kila chenye uhai.

Tazameni basi tunavyomkamata. Watoto kumi na mawe! Hiyo si huruma, hata kama nia ni nzuri. Mifupa ya sungura ni myepesi. Akirusha miguu ya nyuma kwa hofu, mgongo unaweza kuvunjika, na hofu peke yake inaweza kumuua. Ondoeni watoto, fungeni mbwa. Mwekee majani na maji mahali pamoja, saa ileile, alfajiri au jioni, kwa maana hizo ndizo saa anazotoka. Siku ya pili au ya tatu chakula kiwe ndani ya sanduku au kitunga kilicholazwa, mfuate ndani, mfunge. Asipoingia, watu wawili watatu wamzungushie wavu au mbao, wapunguze nafasi polepole, kisha wamfunike kwa kitenge. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako. Masikio si mpini wa jembe!

Ukishampata, mpe majani makavu na matembele, si mabaki ya fufu. Mwangalie chini ya mkia, kama nzi wameweka mayai kuna funza, na hilo halingoji kesho. Sungura asiyekula siku nzima tumbo lake linasimama, huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Mtaniuliza: Imamu, si halali? Ni halali. Anas (R.A.) alimkamata sungura, Abu Talha akamchinja, na Mtume (S.A.W.) akapokea sehemu ya nyama. Lakini yule alikuwa wa kuwinda, hana mwenyewe. Huyu wa mjini ana mwenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnyama mdogo aliyeokotwa mjini hachinjwi papo hapo. Utamtunza, au utamuuza na kuweka thamani yake, huku ukimtangaza mwaka mzima. Kama aliachwa kwa makusudi kwa kushindwa kumlisha, wako wanazuoni waliosema ni wa yule aliyemwokoa, na wengine wamekataa. Tangaza kwanza, ndiyo salama.

Kwa sababu hiyo, baada ya swala: sungura mmoja alikamatwa wiki hii nyuma ya msikiti, yuko kwa muadhini, anakula. Mwenye kumdai aje aeleze rangi yake, ni dume au jike, na alama iliyo sikioni. Hatutaitaja hapa.