Lenzi Bado Nzima, Je, Ninunue Nyingine?

Kutamani kifaa kizuri si dhambi. Naanza hapo kwa sababu tukisikia neno kuridhika, wengine wetu tunafikiri fundi lazima abaki na msumeno butu mpaka afe. Hapana. Msumeno butu unaharibu mbao za mteja.

Mimi kazi yangu ni picha. Nina lenzi ya makro ya Canon, ile ya milimita 100 iliyotoka mwaka 2000. Ndiyo napigia pete za harusi, na siku za wiki nyuki na viwavi kwa shamba la jirani. Mwaka 2009 Canon walitoa nyingine ya milimita 100, yenye kifaa ndani cha kutuliza mtetemo wa mkono. Ni nzuri, siwezi kudanganya. Lakini kwa ukaribu zote mbili zinafika palepale: mdudu wa milimita 10 anaingia kwenye sensa akiwa milimita 10.

Sasa, ni picha gani imenishinda kwa sababu ya lenzi hii? Ukikaribia hivyo, sehemu inayotokea wazi ni nyembamba ajabu, karibu milimita 1 hata ukifunga tundu hadi f/8. Upepo ukisukuma jani kidogo tu, macho ya nyuki yameshafifia. Kile kifaa kinatuliza mkono, hakitulizi jani. Na pete haiendi mahali. Kamera ikiwa kwa stendi, mtetemo umeisha. Anayefuata vipepeo msituni bila stendi, huyo ningemwambia anunue.

Hapo ndipo moyo ulitafuta mlango mwingine. Ukaniambia: nunua mpya, hii ya zamani umpe kijana unayefanya kazi naye, yeye hana. Hiyo ilinisumbua siku kadhaa, maana ilikuwa imevaa nguo za sadaka. Kumpa ni jambo jema kabisa. Lakini mbona wema huo lazima usubiri mimi kwanza nipate mpya? Kama anahitaji lenzi leo, anaihitaji hata nisiponunua kitu. Kama haihitaji, basi nisimtaje. Naona tunafanya hivi sana, hata kwa simu na magari: tunamfungua mwenye shida kama mwavuli, halafu tunapita chini yake tukienda dukani.

Sijasema nitabaki na hii milele. Ikiharibika, au nikipata kazi ya kufuata wadudu bila stendi, nitanunua bila kuuliza mara mbili. Pesa niliyoweka iko.

Kwa sasa tumekubaliana na kijana: siku za harusi lenzi inakaa kwa begi yake, na pete ni kazi yake. Jumatatu ananirudishia. Wiki hii ameniuliza kama anaweza kukaa nayo hadi Jumatano.