Kopo la Haki
Somo: Amosi 8:4-7

 

Nabii Amosi alitumwa Israeli siku za Yeroboamu wa pili, zaidi ya miaka 700 kabla ya Kristo. Ufalme ulikuwa umestawi. Mipaka ilirudishwa (2 Wafalme 14:25), na wakubwa walikuwa na nyumba za baridi na za kiangazi, tena za pembe za ndovu. Lakini maskini aliuzwa kwa bei ya viatu. Mali iliongezeka kwa wachache kwa sababu wengi walipunjwa.

Sisi tuliotoka Kongo tunalijua jambo hili. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Mwaka 2022 uchumi wake ulikua kwa zaidi ya asilimia 8. Hata hivyo, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 karibu watu watatu kati ya wanne waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Kukua kwa mali si dhambi. Lakini Mungu anauliza: imemfikia nani?

Ndugu zetu, tusiwanyoshee kidole wakubwa peke yao. Hata soko letu la kambini lina Samaria yake. Tumeona kopo lililobonyezwa kitako ili unga upungue. Tumeona mama mwenye mtoto mgonjwa akiuza posho yake kabla ya siku ya mgao, kwa nusu ya bei, na mnunuzi ni mtu wanayekaa naye benchi moja kanisani. Kisha mnunuzi husimama kushuhudia kwamba Bwana amebariki biashara yake. Je, ni Bwana, au ni njaa ya jirani? Nasi wachungaji tumepokea fungu la kumi la faida hiyo bila kuuliza. Tunatubu.

Jangwani mana ilitosha kila nyumba, na iliyofichwa hadi asubuhi ikaoza (Kutoka 16). Basi mwenye kopo bovu alitupe. Mwenye akiba amkopeshe jirani bila riba (Kutoka 22:25), na aliyekopa arudishe kwa uaminifu. Aliyedhulumu afanye kama Zakayo: arudishe, ndipo ashuhudie.

Bwana awabariki. Amina.