Shujaa Bila Vazi Lake

Mtu aendaye sinema mara chache huingia akitazamia ajabu, na ajabu haikosi. Katika filamu ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kutolewa mwaka 2018, T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuniwa ya Wakanda, hupata nguvu kwa dawa ya mmea na huvaa vazi lisilopenywa na risasi. Mtazamaji huyo hutoka akijiona dhaifu: hana dawa wala vazi, basi ushujaa utamfikaje?

Lakini hadithi yenyewe yamkanusha. Wakanda ilikuwa na nguvu tangu kale, ikajificha nazo, na Waafrika wengine wakauzwa utumwani. Nguvu zilikuwapo, huruma haikuwapo. Kosa hilo halikutengenezwa kwa pigano. Mwishoni mfalme hununua jengo mjini Oakland, Marekani, ambamo baba yake alimwua ndugu yake mwenyewe, ili liwe kituo cha msaada.

Itasemwa kwamba kununua jengo kwataka mali ya mfalme. Ni kweli, lakini kukiri kosa la nyumba yako na kumfungulia jirani mlango hakutaki mali wala kinyago. Wengi hungoja nguvu ndipo watende wema; mwema hutenda kwa nguvu alizo nazo.