Mzigo na Kambi Yake: Nasaha kwa Mpwa Wangu

Mpwa wangu, mama yako ameniambia kwamba tangu umalize chuo hulali. Unagaagaa kitandani hadi adhana ya alfajiri, ukihesabu: ajira zitatoka au hazitatoka, kodi ya chumba cha Bunju italipwa na nani, posa itapelekwaje mikono mitupu. Sikuandikii kukucheka, wala kukuambia "usijali". Neno hilo ni jepesi mdomoni, lakini moyoni halifiki. Aliye hai hakosi la kesho, kwa hiyo sikufundishi kuukimbia wasiwasi. Nakupa adabu za kuubeba.

Mji wetu wa Bagamoyo uliinuliwa na vichwa na mabega ya watu. Karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitoka Tabora wakatembea miezi mitatu hivi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 au zaidi. Wako wanaolieleza jina la mji kwa hao: hapa mtu alibwaga moyo, akashusha pumzi. Wako wanaolieleza kwa uchungu wa watumwa, walioiona bahari wakakata tamaa. Mimi siamui baina yao. Nataka utazame tu jinsi mpagazi alivyofika. Safari ya miezi mitatu hakuibeba kwa siku moja. Aliondoka alfajiri, akaenda mpaka jua lilipokuwa kali, kisha akapiga kambi, akatua mzigo, akapika. Kambi ya kesho ilikuwa ya kesho. Na alipofika pwani hakuutupa ule mzigo. Aliukabidhi, ukahesabiwa, naye baadaye akajitwika mwingine wa nguo na shanga akarudi bara. Basi kubwaga si kutupa. Ni kutua mahali pake na kwa wakati wake.

Nasaha ya kwanza: upime mzigo kabla ya kujitwika. Chukua karatasi, uandike kila linalokunyima usingizi. Kisha uliza moja moja: hili ni langu, ni la wenzangu, au ni la Mwenyezi Mungu? Kupeleka maombi ya kazi ni lako. Kuitwa si lako. Kumwambia mchumba ukweli wa hali yako ni lako, na jibu ni lake. Utashangaa jinsi furushi linavyopungua likifunguliwa. Wasiwasi hunenepa kwa kutotajwa jina.

Ya pili: wavu haushonwi gizani. Nimevua miaka mingi, na sasa magoti yamenikataza bahari nashona nyavu chini ya mkungu pale ufukweni. Sijaona mtu anayeshona usiku bila taa, maana tundu moja atalipapasa na kudhani ni kumi. Fikra nazo ndivyo zilivyo. Saa nane za usiku kila deni ni mlima, na kila simu isiyopokelewa ni msiba. Likikujia jambo saa hizo, liambie: tutaonana baada ya alasiri. Kisha utimize ahadi. Alasiri kaa nalo nusu saa, ulitazame kwa macho makavu, halafu uinuke. Simu ilaze mbali na mto, isije ikakusomea habari za dunia nzima wakati wewe hata ya kwako hujaimaliza.

Ya tatu: hofu ipe kazi ya mikono. Nahodha hakai barazani kuilaani kusi. Kabla bahari haijachafuka amevuta chombo pwani, amekikagua mbao kwa mbao, amekalafati. Tazama pia wakulima wa mwani kule Mlingotini, wengi wao kina mama. Maji yalipozidi joto na mwani ukafa kwenye kamba, walilia, ni kweli, lakini wako waliojaribu kuuhamishia maji ya kina, na wako waliojifunza kuutengenezea sabuni. Wewe nawe, badala ya kuhesabu siku, ingia kwenye mchezo wa kupeana fedha au kikoba, weka akiba hata iwe ndogo, tafuta ufundi wa kushika wakati barua ya ajira haijafika. Tia nanga kwanza, ndipo useme umetawakali. Anayeacha chombo kielee bila nanga akasema Mungu atakilinda hajatawakali. Amezembea.

Ya nne: usimwamini wasiwasi anapojifanya mtabiri. Mwaka 2013 uliwekwa saini mkataba wa mwanzo wa kujenga bandari kubwa hapa kwetu. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba masharti yake hayakubaliki, na mradi ukasimama. Katika miaka ile nilikuwa na majirani wawili. Mmoja aliacha hata kuezeka jiko lake. Leo alikuwa tajiri wa fidia, kesho maskini aliyefukuzwa, na yote mawili yalikuwa kichwani mwake tu. Mwingine alisema, "Nami nangoja, lakini nangoja na jembe." Akapanda mihogo, akavuna, akapanda tena. Habari ilipofika kwamba hakuna bandari, mmoja alikuwa na miaka sita ya kungoja na mwingine alikuwa na miaka sita ya kula.

Hofu nayo hukosea utabiri kama matumaini. Sheikh Ramiya, ambaye Bagamoyo nzima inamjua, aliletwa mji huu akiwa mtoto, mtumwa kutoka upande wa Kongo. Nani angemtazama siku ile akamwonea kesho njema? Alipofariki mwaka 1931 alikuwa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria, na sifa zake zimevuka mipaka ya mji huu.

Ya tano, na hii ndiyo adabu yenyewe: mzigo wako usimwangukie mwenzako. Mwenye hofu huwa mkali. Mtoto akimwaga uji anapigwa kofi ambalo lilikuwa la mwenye nyumba anayedai kodi. Mke akiuliza nauli anajibiwa kama mshitakiwa. Ukiona ulimi umeanza kuwasha, toka, kanawe uso, rudi. Usisambaze habari ya kutisha ambayo hujaihakiki, maana umeitua kwako na kuitwika nyumba kumi. Mtu akikueleza lake, usimkate kwa kusema "hilo dogo, ngoja usikie langu". Msikilize mpaka amalize. Wala usimuulize kijana mbele za watu ataoa lini, au binti atazaa lini. Hujui usiku wake ulivyo. Hapa nami nina deni. Siku ya Idi nilikuuliza mbele ya wageni, "Kazi bado tu?" Ulicheka, ukaweka sahani chini, hukula tena. Nililiona, nikanyamaza. Nisamehe, mpwa wangu.

Ya sita: ujue mzigo unapokuwa ugonjwa. Wiki zikipita na moyo bado unakwenda mbio bila sababu, pumzi inabana, chakula hakipiti, au ukaanza kuona heri usingekuwapo, usijifiche na usingoje. Siku hiyo hiyo mwambie mmoja wetu, na nenda hospitali. Mwenye homa haoni haya kupimwa malaria, na mwenye moyo uliochoka asione haya pia. Kisomo na daktari havigombani. Nyumba yetu ina nafasi ya vyote viwili.

Nimesema mengi, na najua barua haimlazi mtu usingizi. Basi Jumamosi panda daladala uje. Nina wavu uliochanwa na mwamba, na macho yangu hayaoni vizuri matundu madogo. Utanishikia uzi. Ya kesho tutayasema mchana, chini ya mkungu, moja moja, mpaka magharibi. Yatakayobaki tutayatua hapo hapo pamoja na wavu, tuende tukale.

Wasalaam,
Mjomba wako.