Saa Isiyoandikwa

Kisa hiki ni cha kufundishia, usimtafute mwenyewe. Lakini ukiishi Lubumbashi, huenda ukamwona jirani yako ndani yake.

Fundi cherehani mmoja wa komini ya Kenya mjini humo aliamka mzima. Akanawa, akaketi kungoja chai. Mara kikombe kikamponyoka mkononi, mdomo ukaenda upande, maneno yakageuka mng'uno. Mkewe akapiga kelele, majirani wakajaa. Huyu akasema karogwa, yule akasema ni tansio tu, itashuka; mwingine akakimbia kumwita mtu wa maombi. Walipokumbuka hospitali, jua lilikuwa limekwisha kuwaka.

Walipofika, waliambiwa: “Mama, upite kwanza ku kese.”

“Munganga, bwana yangu anakufwa!”

Kilio chake hakikufungua mlango. Shemeji akazunguka mjini kutafuta dola, mgonjwa akalala kwenye benchi. Fedha zilipopatikana ndipo akapimwa presha: 200 kwa 110. Muuguzi akatoboa kidonge cha nifedipini, akamdondoshea chini ya ulimi. Presha ikaporomoka, wote wakashusha pumzi. Sukari haikupimwa. Jioni mke akaambiwa amlishe uji apate nguvu. Kila kijiko kikamtoa kikohozi. Siku ya tatu homa ya mapafu ikamkamata. Siku ya sita kikawa kilio.

Familia ikaenda kwa avoka, ikitaka kufungua mashtaka. Sheria ipo. Kanuni ya adhabu ya Kongo, vifungu vya 52 na 53, humshika aliyesababisha kifo kwa uzembe ingawa hakukusudia. Kifungu cha 66 ter humwadhibu anayekataa kwa hiari kumsaidia mtu aliye hatarini, ilhali angeweza bila kujihatarisha. Na kanuni ya madai ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258, inamtaka aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake alipe. Kifungu cha 260 kinalifikisha dai hilo hadi kwa mwajiri.

Avoka akawasikiliza, kisha akauliza maswali matatu. Alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi? Mlifika hospitali saa ngapi? Munganga wa kwanza alimgusa saa ngapi? Wakatazamana. Fishi ya hospitali ilikuwa na tarehe peke yake.

Hapo ndipo kesi ilipovunjika mguu. Mdai wa fidia sharti athibitishe kosa, athibitishe hasara, kisha auonyeshe uzi unaoziunganisha. Katika kiharusi, ambacho wengi mjini wanakiita AVC, uzi huo ni saa. Viharusi vingi hutokana na donge la damu lililoziba mshipa wa ubongo. Dawa ya kuliyeyusha hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya skana kuhakikisha kwamba mshipa haukupasuka. Kwa hiyo hospitali ingejibu: mlimleta amechelewa, hata dawa isingemfaa. Nani angeibishia bila karatasi?

Ingeongeza pia kwamba haina skana wala dawa hiyo. Hoja hii ina uzito, kwa maana munganga hadaiwi uponyaji. Anadaiwa juhudi ambayo mwenzake mwangalifu angeifanya katika hali ileile. Ila umaskini una mpaka wa kujitetea. Kupima sukari, ambayo ikishuka sana humfanya mtu aonekane amepooza, ni tone moja la damu. Kutomshusha presha kwa ghafla ni bure: ubongo uliozibiwa mshipa unaishi kwa msukumo huohuo wa damu. Kuzuia uji mpaka ijulikane kama anameza vizuri ni bure, maana chakula kikipotea njia huingia mapafuni. Kuandika barua ya kumhamishia penye skana ni kipande cha karatasi. Makosa ya kisa hiki yalikuwa humo, na hakuna hata moja lililohitaji mashine.

Suala la fedha kabla ya tiba si la Lubumbashi peke yake. Oktoba 2015, jijini Nairobi, majeruhi wa ajali ya barabarani alizungushwa hospitali hadi hospitali ndani ya ambulensi kwa saa 18, kisha akafariki. Katiba ya nchi ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, ilikuwa tayari inakataza mtu kunyimwa tiba ya dharura. Katiba haikumwokoa, lakini kwa kuwa zile saa zilihesabiwa, nchi nzima ilijua cha kuuliza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Uhai ni hivyohivyo. Nawe munganga, usiiogope kalamu: siku utakapofanya yote yapasayo na mgonjwa akafa, ni saa uliyoiandika itakayosimama upande wako.

Nawe mwenye nyumba, mdomo wa mtu wako ukienda upande, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, usiite kikao cha majirani. Tazama saa, iandike, hata kiganjani, uondoke naye. Mlangoni pa hospitali isome kwa sauti, na udai iandikwe kwenye fishi kabla wino wa jina la mgonjwa haujakauka.